Amana Iliyoingia Maji



 Wahariri wa jarida letu waliponitaka niandike kitu kwa ajili ya wanafunzi, walitarajia nitaleta somo la fiqhi kama nilivyozoea kila mwaka. Fiqhi imo humu, lakini safari hii nimeileta kwa njia ya kisa changu mwenyewe. Mwenye haki katika kisa hiki nimemwomba ruhusa, naye amenipa kwa sharti nisimtaje jina, yeye wala mama yake.

Mwaka 2016 alifariki baba wa mwanafunzi wetu mmoja. Marehemu alikuwa baharia, mtu mpole, na wengi tulimjua kwa kuwahi safu ya mbele kila alipokuwa nchi kavu. Mtoto wakati huo ana miaka tisa, bado yumo katika juzuu Amma. Mama yake alipotoka eda alikuja chuoni siku ya Alkhamisi baada ya Alasiri, akanikuta kibarazani, akanikabidhi kitambaa cheupe kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na saa ya mkono.

"Maalim," aliniambia, "mirathi imegawiwa na hii imeingia katika fungu la mtoto. Ami yake ndiye msimamizi wa mali zao, lakini yeye anakaa Wete, na kwangu nyumba ina watu wengi na sanduku halina kufuli. Tumekubaliana ikae kwako mpaka akue."

Nikapokea. Nilikuwa na miaka 27, ndio kwanza nimemaliza diploma yangu ya masomo ya Kiislamu, na kuaminiwa na wazee kulinipendeza pengine kuliko inavyofaa. Nikaifungia saa kabatini pamoja na vitabu vyangu.

Ilikuwa Seiko 5 ya kiume, ya chuma, uso wake rangi ya fedha. Upande wa kulia ina kidirisha kinachoonyesha siku na tarehe, na siku imeandikwa kwa Kiarabu. Saa kama hizo ziliuzwa katika nchi za Ghuba, na marehemu aliinunua Dubai mwaka 1985 alipokuwa akifanya kazi melini. Mama yake mtoto alinieleza kwamba kijana alijifunza majina ya siku kwa Kiarabu mkononi mwa baba yake, kabla hajaletwa chuoni. Kila asubuhi akiushika mkono ule na kusoma kidirishani: al-Ahad, al-Ithnayn, ath-Thulathaa, huku baba yake anakunywa chai kwa mkono wa pili.

Wazee wetu wengi wanazijua saa hizi. Hazitaki betri, na aina ile haitiwi ufunguo hata ukitaka. Ndani mna kipande cha chuma cha nusu duara ambacho huzunguka kila mkono unapotikisika, na kikienda kulia au kushoto, kote huikaza kamani. Ufundi wa kuikaza kamani kwa pande zote mbili kwa kipande kidogo chenye kucha mbili kampuni ya Seiko iliuanzisha mwaka 1959, na Seiko 5 ya kwanza ikatoka mwaka 1963. Ubaya wake ni mmoja: ukiivua ukaiweka, baada ya siku moja na nusu au mbili husimama.

Hapo ndipo shetani aliponipata, tena kwa njia ya kitabu. Imamu Nawawi katika Minhaj, mlango wa wadia, yaani mali aliyowekeshwa mtu, ametaja kwamba mwenye kuwekeshwa nguo za sufi inampasa azianike upeponi zisiliwe na wadudu, na hata azivae ikiwa kuvaliwa ndiyo haja ya kuzihifadhi. Nikajifanyia kiyasi changu. Nikasema saa isiyovaliwa husimama, na saa ikisimama muda mrefu mafuta yake huganda, basi kuivaa ni kuihifadhi. Kiyasi hicho kilikuwa na tundu, nami nililijua tangu siku ya kwanza. Saa ile ukiishika kiganjani ukaitikisa kwa nusu dakika, inakwenda. Ningeweza kufanya hivyo kila Ijumaa na kuirejesha kabatini. Kuivaa kulikuwa ni kwa ajili yangu.

Kwanza nikiivaa Ijumaa tu, baadaye kila siku. Watu wakaisifu. Mmoja wa walimu wenzangu akaniuliza nimeinunua wapi, nikamjibu kwamba ni ya zamani, jibu ambalo si uongo na si kweli. Nikaitumia kupangia vipindi na kuangalia wakati wa adhana. Na nikimwona mama yake mtoto njiani, nikishusha mkono wa kanzu. Wanafunzi wangu, mtu anayehifadhi mali ya mwenziwe hana haja ya kushusha mkono wa kanzu.

Mwezi wa Aprili 2018, masika yamepamba moto, tulikwenda Tumbatu kuzika. Anayeijua Mkokotoni anajua kwamba maji yakiwa yametoka abiria huingia majini kwa miguu mpaka ilipo mashua. Wakati wa kurudi upepo ulikuwa umechafuka. Kanzu na viatu nilivitia mfukoni nikaushika mfuko juu ya kichwa kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto nikashika ubavu wa mashua ili nipande. Likaja wimbi, mchanga ukaniponyoka chini ya miguu, nikaingia majini mpaka kwapani. Wenzangu walinivuta, tukacheka. Saa niliikumbuka tulipokuwa garini kurudi mjini, nilipotaka kujua kama tutaiwahi Magharibi. Chini ya kioo mlikuwa na ukungu.

Nyuma ya saa ile pamechongwa maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba inahimili maji. Ndiyo niliyojituliza nayo usiku ule. Saa ilikuwa bado inakwenda, na ukungu nikaona utatoka. Nikafanya lile ambalo kila mtu humshauri mwenziwe simu yake ikiingia maji, nikaifukia ndani ya kopo la mchele. Sikumwambia mtu. Jumanne asubuhi nilipoifukua niliikuta imesimama usiku wa manane, na kidirishani pameandikwa nusu ya al-Ithnayn na nusu ya ath-Thulathaa. Ilikuwa inageuza siku, ikashindwa. Nikairudisha ndani ya mchele siku mbili nyengine, kama kwamba mchele utabadilisha neno.

Alkhamisi nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi saa, mitaa ya Darajani. Meza yake ni ndogo, ina kisanduku cha kioo juu, na nyuma yake kuna makopo ya saa mbovu anazotolea vipuri. Zamani, wanasema, watu walikuwa wakipanga foleni kwake. Siku hizi vijana wanaangalia wakati kwenye simu, naye kazi yake kubwa ni kubadilisha betri na kupunguza mikanda. Alikibana jichoni kile kioo chake cha kukuzia, akaiangalia saa bila ya kuifungua.

"Imeingia maji gani?"

"Maji tu, mzee wangu."

"Maji tu hakuna. Ya mvua, ya mfereji au ya bahari?"

"Ya bahari."

"Lini?"

"Jumapili."

Akaiweka chini. "Leo Alkhamisi, Maalim. Uliisuuza?"

Nikamwambia nimeitia kwenye mchele. Alitikisa kichwa kama mtu aliyelisikia jambo hilo mara nyingi. "Mchele umenywa maji, chumvi umekuachia. Na chumvi haikauki moja kwa moja, kila siku inavuta unyevu wa hewani. Ungeliichovya kwenye maji matamu saa ile ile, ukaniletea imo ndani ya maji hivyo hivyo kama samaki, ningelikuwa na kazi ya siku moja."

Akachukua chombo chake cha kufungulia mfuniko wa nyuma. Ringi ya mpira inayozuia maji ilitoka vipande vipande. Alinieleza kwamba maandishi yale ya kuhimili maji ni ya siku saa ilipotoka kiwandani. Kinachozuia maji ni mpira wa mfuniko, mpira wa kifungo cha kutilia majira na ule wa kioo, na mpira ukipita miaka hukauka na kukatika. Namba iliyochongwa mfunikoni inaanza na 4 na 6, naye akaisoma mara moja: mwezi wa sita, mwaka unaoishia na 4. Kwa kuwa iliuzwa 1985, basi imetengenezwa Juni 1984. Mpira wa miaka thelathini na zaidi, na mimi nimeingia nao baharini!

Ndani palikuwa na rangi ambazo sikuzitarajia. Vipande vya shaba havikuwa na kutu, ila vilikuwa na madoa ya kijani. Vipande vya chuma ndivyo vilivyoliwa: kile kijiti kinachounganisha kifungo na mashine, springi ndogo za upande wa kutilia majira, parafujo, na kile kiwiko kinachosukuma siku na tarehe. Chumvi ilikuwa imekaa pembeni kama unga. Kile kigurudumu kidogo kinachopiga mbele na nyuma, ambacho mafundi hukiita balansi, kilikuwa kimeganda.

"Inatengenezeka?" nikamuuliza.

"Moyo wake mzima. Vidole ndivyo vilivyooza."

Kisha nikamwambia maneno ambayo nayaandika hapa kwa aibu. Nilimwambia atengeneze kila kitu, kisha abadilishe uso wa saa, kwa sababu pembeni karibu na alama ya sita palikuwa na madoa ya rangi ya kahawia, na abadilishe kile kisahani cha siku kilichoingia doa, na kasha lipigwe polishi ling'are, asijue mtu kwamba saa hii imepatwa na jambo. Gharama ni juu yangu. Yule mzee alinitazama kidogo, akasema ataangalia.

Alihitaji saa nyengine ya mashine ile ile ili atolee vipande, na ilimchukua zaidi ya mwezi kuipata. Wakati huo nikipita kwake kila wiki, nikikaa kwenye kigoda kumtazama akifanya kazi. Aliitenganisha mashine yote, akaiosha kwa petroli na brashi laini, akakichonga kijiti cha mti kama msuaki na kukizungusha ndani ya kila tundu, akikitupa na kuchonga chengine mpaka kitoke kisafi. Kutu aliikwangua taratibu, na palipolika sana akasema hapa hapatengenezwi, panabadilishwa. Mafuta aliyatia kwa ncha ya sindano, tone ambalo mimi bila kioo chake silioni. Alisema mafundi wanafunzi huharibu saa nyingi zaidi kwa mafuta mengi kuliko kwa machache, kwa sababu mafuta yakizidi hutambaa na kwenda pasipotakiwa.

Alinifundisha pia hesabu yake. Mashine ile hupiga mapigo 6 kwa kila sekunde, ndiyo mapigo 21,600 kwa saa moja, na kwa siku nzima ni 518,400. Ikichelewa dakika moja kwa siku, maana yake katika kila mapigo 1,440 imepoteza pigo moja. Nilipokuwa nikimsikiliza nilimkumbuka Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, ambaye kazi yake ilikuwa muwaqqit, mwenye kuangalia nyakati za sala katika Msikiti wa Umayya mjini Damascus. Nikamkumbuka na Taqi al-Din, aliyeandika juu ya saa za magurudumu katika karne ya 16 kabla ya kusimamia jengo la kutazamia nyota mjini Istanbul. Wanafunzi wetu wengi wanadhani elimu ya saa haituhusu. Lakini nafsi yangu ilikuwa inaukimbilia utukufu wa wazee wale ili isitazame saa moja ya yatima iliyofunguliwa mbele yangu.

Wiki mbili kabla ya Ramadhani ya mwaka ule somo letu la fiqhi lilifika mlango wa wadia katika Matni ya Abu Shujaa. Sikuuchagua mimi, ndio ulikuwa zamu yake. Niliueleza kama nilivyofundishwa: aliyewekeshwa mali ni mwaminifu, mali ikiharibika bila ya yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, halipi. Akivuka mpaka, kama kumpanda mnyama aliyewekeshwa au kuivaa nguo kwa manufaa yake, dhamana iko juu yake. Nikaitaja na ile aya ya 58 ya Suratun Nisaa inayotuamrisha kurejesha amana kwa wenyewe. Kijana mwenye saa alikuwa safu ya pili, anaandika.

Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Maalim, na akiivaa, halafu akajuta, akairudisha mahali pake, ikaja kuharibika baadaye bila ya kosa lake?"

Ni suali zuri, na jibu lake katika madhehebu yetu ya Shafi liko wazi. Dhamana haimwondoki kwa kuirudisha tu. Mkono wake ulikuwa mkono wa amana, ukageuka, na haurudi kuwa wa amana mpaka mwenye mali ampe ruhusa upya. Nilimjibu hivyo hivyo, neno kwa neno. Kisha nikawaambia wafunge vitabu, ingawa kipindi kilikuwa na dakika ishirini zaidi.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa mama yake mtoto. Nilipiga hodi, nikakaa barazani, na shangazi yake mtoto alikuwapo, akiwa amekaa naye mlangoni. Nikasema yote: kuivaa, Tumbatu, mchele, fundi. Niliyapanga maneno njiani na yote yakanipotea, nikasema vipande vipande.

Alinyamaza. Kisha akauliza, "Umeivaa muda gani, Maalim?"

"Mwaka na nusu."

"Nilikuona," akasema. "Siku ya Maulidi. Nikasema pengine Maalim na yeye anayo kama ile."

Sikuwa na la kujibu. Nilipomwomba anisamehe, alisema kwa upole kwamba yeye hana cha kusamehe, saa si yake. Nami nilijua amesema kweli kuliko alivyokusudia, kwani mtoto asiyebaleghe msamaha wake katika mali haupiti. Kijana alikuwa na miaka 11. Hata kama ningekwenda akanikumbatia na kuniambia nimekusamehe Maalim, neno lake lisingenitoa. Ilinibidi nisubiri akue. Mama yake alitaka jambo moja tu, kwamba saa ikiwa tayari irudi kwake, si kwangu. Wakati nafunga viatu vyangu alisema sanduku atalinunulia kufuli. Neno hilo dogo lilinichoma kuliko kama angenigombeza.

Siku ya pili yake nilimwendea fundi asubuhi, nikamwambia uso wa saa asiubadilishe, na polishi asipige. Akacheka kidogo.

"Sikuwa nimeubadilisha," akasema. "Kutoka India zinakuja nyuso mpya zilizopigwa rangi, zinang'aa. Lakini nilisema nikuulize tena. Vipande saba vya ndani nitabadilisha, hilo halina budi, bila ya hivyo haiendi. Nikikutilia na uso mpya, na kisahani kipya cha siku, tena nilichonacho mimi ni cha Kiingereza na Kispania, utakuwa unampelekea mtoto saa ya nani?"

Kisahani cha siku ndicho kilichonikata maini. Nilikuwa tayari kuyatupa majina ya siku aliyoyasoma mtoto yule mkononi mwa baba yake, ili nisionekane.

Basi fundi akakiosha kisahani kile kwa maji ya sabuni na pamba, kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu wino ukilowa unatoka. Doa lilipungua, halikwisha. Mpaka leo kila Jumatatu jina la siku lina kivuli cha kahawia upande mmoja. Kwenye uso alifuta vumbi la chumvi tu. Alitia mipira mipya yote mitatu, kijiti kipya, na parafujo kutoka saa ile ya vipuri. Siku aliyoiwasha nilikuwapo. Aliigusa balansi kwa ncha ya brashi na ikaanza kupiga, akanipa niisikilize sikioni. Sikuifunga mkononi. Niliishika kwa kitambaa.

Nilimwomba mambo mawili zaidi. Kwanza aniandikie karatasi yenye orodha ya vipande alivyovitoa na alivyovitia. Vile vilivyooza tukavitia katika kichupa cha dawa. Pili anikadirie, yeye mjuzi wa bei, saa ile kabla ya kuingia maji ilikuwa na thamani gani na sasa ina thamani gani. Alisema 120,000 na sasa 80,000, kwani mnunuzi mjuzi akiona madoa na vipande vya kuazima atashusha. Nikampelekea ami yake mtoto shilingi 40,000 iliyopungua, akaiandika katika daftari la mali zao. Gharama ya matengenezo ilikuwa juu yangu tangu mwanzo. Siku chache kabla ya Ramadhani saa, karatasi na kichupa vikafika kwa mama yake, vikaingia sandukuni. Kufuli lilikuwa jipya kweli.

Miaka minne ikapita. Kijana akapanda madarasa, nami nikamfundisha kama wengine. Sitaki kusema kwamba kila siku nilikuwa nikifikiri jambo hili, mwanadamu husahau. Lakini akinijia na daftari kusahihishiwa, nikimwona anaangalia ukuta ilipo saa ya darasa, nilikuwa nakumbuka.

Mwaka 2022 alitimiza miaka 15. Mama yake akamkabidhi saa, na siku ya pili yake nikamwita kibarazani baada ya Isha, pale pale aliposimama mama yake miaka sita nyuma. Mkononi alikuwa nayo, imelegea kidogo. Nikamweleza kila kitu, pamoja na lile la kutaka kubadilisha uso wa saa lisijulikane, ambalo mama yake sikuwa nimemwambia. Alinisikiliza akiwa ameinama. Kisha akaniuliza maswali ambayo sikuyategemea.

"Inachelewa dakika moja kwa siku, Maalim. Ni kwa sababu ya maji?"

Nikamwambia pengine, na pengine ni umri. Fundi anaweza kuirekebisha.

"Na kile kichupa, vile vipande ni vya baba?"

"Vyote ni vya saa ya baba yako."

"Basi nitavibakisha."

Akanyamaza tena. Nikamwambia kwamba sasa neno lake linapita, na kwamba halazimiki, akikataa ni haki yake na hatapungukiwa kitu kwangu, si darasani wala nje. Alifikiri mpaka nikasikia mlango wa msikiti unafungwa.

"Kuiingiza maji nimekusamehe," akasema. "Lile la kuivaa, bado, Maalim. Nisamehe."

Aliniomba radhi yeye! Nikamwambia hana kosa. Akanibusu mkono kama ada ya wanafunzi wetu, akaenda zake. Nilikaa pale kibarazani peke yangu, nikaona kwamba kijana amelielewa somo la wadia kuliko mimi niliyelifundisha. Amezitenganisha sehemu mbili, ya mali na ya kuaminiana, na kila moja ameipa hukumu yake.

Hatukulizungumza tena. Alimaliza masomo ya chuo, sasa anawasaidia walimu kusomesha watoto wadogo siku za Jumamosi na Jumapili. Saa anaivaa. Kwa fundi alikwenda mwenyewe, akaifanya iwe inachelewa sekunde chache tu.

Ramadhani ya mwaka 2024, siku moja karibu na Magharibi, nilikuwa nimesimama kwenye birika la msikiti nangojea nafasi. Alikuwa mbele yangu kwenye bomba. Alipandisha mikono ya kanzu, akataka kuanza, akasita. Akaivua saa, akageuka huku na huku kutafuta pa kuiweka, na ukingo wote ulikuwa umelowa. Kisha akaninyooshea mimi.

"Nishikie, Maalim."

Nikaishika kiganjani, mbali na maji, mpaka alipomaliza kuosha miguu.